Neno "Simo" na Mikorosho ya Bi Esha

Kumtwika mwenzio kosa lako kwa neno moja ni uovu ambao sijapata kuuzoea, na harufu ya nyasi zinazoungua hunirudisha kila mara pale nilipouona kwa mara ya kwanza.

Nilikuwa darasa la tatu huko Rutamba. Neno "simo" tulilijua michezoni: aliyechoka kukimbizwa alilitamka, akakaa pembeni, nasi tukaendelea bila yeye. Halikumuumiza mtu.

Kwetu, anayechoma shamba huwaita majirani kwanza, kisha husimama mpakani na matawi mabichi mpaka moto uzimike. Ijumaa moja Baba aliwasha bila kumwita mtu, akaenda msikitini, akimwacha kibarua wetu, Chande, akikata nyasi bondeni. Aliporudi, mikorosho ya jirani yetu mjane, Bi Esha, ilikuwa imeungua pamoja na maua yake yote.

Jioni watu walikusanyika uani kwa mwenyekiti wa kijiji. Nilijibana katikati ya wanawake nikimngoja Baba aseme kweli, kwa kuwa ndiye aliyetusomesha Kurani.

"Mimi simo," alisema, bila hata kupepesa macho. "Muulizeni Chande. Ndiye aliyeshinda shambani."

"Wallahi, Maalimu, mimi hata kiberiti sina!" Chande alilia.

"Kumbe moto ulijiwasha wenyewe?" mtu alidakia, watu wakacheka. "Mtu wa kuja huyu, mipaka yetu ataijulia wapi?"

Mwenyekiti akaamuru apelekwe polisi Lindi. Neno letu la mchezo lilikuwa limemfunga mtu mzima kamba mikononi.

Ndipo mke mdogo wa Baba, mgeni kijijini, aliyeolewa mwaka uleule, akasimama. Alimwita mumewe kwa jina langu, kama ilivyo heshima.

"Baba Zuhura, kiberiti nilikupa mimi, kwa mkono huu. Ukaniambia swala haingoji."

Chande alifunguliwa. Kabla ya Ijumaa nyingine Baba alimrudisha mama mdogo kwao Milola, na sanduku lake kichwani.

Nilikuwa mtu mzima tayari nilipotambua kwamba aliposimama pale alikwisha kujua yatakayomfika. Anayesema "simo" hatoki peke yake. Humsukuma mwingine aingie mahali pake. Mwanamke yule aliingia kwa miguu yake mwenyewe, akamtoa mtu asiye hata ndugu yake. Aliitwa Somoe.