Kimya cha Darasa la Nne

Katika shule yetu karibu na Segese, watoto walizoea kuitikia: mwalimu anasoma, darasa zima linarudia kwa sauti. Mimi na mwalimu mwenzangu tulitaka kila mtoto asome mwenyewe, kwa hiyo tukaanzisha kipindi cha kusoma kimya kila asubuhi.

Wiki hiyohiyo, darasa la nne lilipotulia, tulisikia nyundo ikigonga chini ya sakafu. Wachimbaji wa duara, shimo la dhahabu lililokuwa nje ya uzio, walikuwa wamechimba hadi chini yetu, na kelele zetu ndizo zilizowaficha.

Tuliwatoa watoto darasani hadi uwanjani, tukamwita mwenye duara, ambaye pia ni mwenyekiti wa kamati ya shule. Alifika akicheka.

“Walipokuwa wanaitikia mlisikia nini, walimu? Warudisheni waitikie.”

“Sawa, mzee,” mwenzangu akamjibu. “Tangulia wewe ukae kidogo, nao watakufuata.”

Aliitazama sakafu, akabaki mlangoni. Nyundo ilikuwa imenyamaza. Kutoka chini tulisikia udongo ukimwagika, ukatulia, kisha ukamwagika tena. Tukawaondoa watoto uwanjani, tukawapeleka hadi ng'ambo ya barabara.