Fremu ya Ukurasa wa Mwisho

Duka hili la steshenari hapa Bariadi linanuka wino, kama sebule yetu ya zamani. Baba aliandika gazeti, mama alizungusha mashine ya kurudufu, mimi nilikunja. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa tanzia. Baba alimwandikia kila aliyefariki, hata mchunga ng'ombe asiyejua kusoma.

Wiki aliyofariki mama, baba alizungusha mashine mwenyewe. Fremu ya tanzia ilitoka tupu.

"Baba, umesahau kuandika."

"Kunja tu, mayu," alisema, kama alivyozoea kumwita mama.

Nilikunja zote. Sokoni watu walinunua, wakautazama ule weupe, wakanipa pole.

Sasa kijana wa dukani ananiuliza tangazo la kifo cha baba liandikweje. Namwambia achore fremu kwanza.