Na Tumbo ni la Shangazi?

Nilimwahidi Akinyi, msichana wa miaka kumi na mitano, kwamba sitamgusa kabla hajakubali mwenyewe. Ahadi hiyo ilizaliwa na kosa nililolifanya siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati karibu na Macalder, nikiwa tabibu niliyetoka chuoni juzi.

Aliletwa na dada ya baba yake, ambaye Akinyi alimwita Waya, kama Waluo wamwitavyo shangazi. Hedhi ya Akinyi ilidumu siku kumi, tena nzito, na darasani alikuwa akipata kizunguzungu. Kila nilichomuuliza, Waya alijibu. Nilipoomba ruhusa ya kumpima, Waya alisema, “Daktari, pima tu. Huyu hata chai haombi, atasema nini?”

Nilicheka, nikavuta pazia. Akinyi alishuka kitandani, akatoka bila viatu.

Muuguzi Msimamizi, mama wa sauti ndogo, aliniita.

“Ruhusa ulipewa na nani?”

“Shangazi yake, sista.”

“Na tumbo ni la shangazi?”

Chuoni tulifundishwa ridhaa, yaani kukubali jambo ukiwa umelielewa. Nililijibu swali la ridhaa katika mtihani, nikapita. Sasa damu iliendelea kumtoka mtoto asiyetaka kutuona tena.

Juma lililofuata Msimamizi alimfuata shuleni, akarudi naye, midomo ya mtoto imepauka. Nilimweleza Akinyi kwamba miaka ya kwanza ya balehe huweza kuleta hedhi nzito, na kwamba nilihitaji kutazama ndani ya kope, kupima damu ya kidole na kubonyeza tumbo juu ya nguo. Kumbe alidhani nitamvua.

“Na nikisema sawa, halafu nikatae?”

“Nitaacha.”

“Hata Waya akikasirika?”

“Hata akikasirika.”

Alifikiri. “Kidole, sawa. Tumbo aguse sista.”

Damu yake mwilini ilikuwa imepungua sana. Tulimwandikia rufaa ya kwenda hospitali kubwa, akatibiwa Migori. Muhula uliofuata alikimbia mita mia nane, na Waya akalalamika kwamba sasa mtoto anajibu hata asipoulizwa.

Nilihamishiwa Karungu, kisha Homa Bay. Kote nilimweka muuguzi wa kike ndani ya pazia na kiti cha mzazi nje yake. Baadhi ya wakubwa waliona ninachelewesha foleni, na kweli niliichelewesha. Mkataba wangu umekwisha mwezi huu. Sijazeeka, lakini chumba changu cha kupimia nimekiachia mwingine, na sijui ataanzaje.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayemleta binti kliniki: swali la kwanza likiulizwa, nyamaza, hata akikawia kujibu.