Routeur yangu na kaye ya Papa Sekretere

Leo nilitosha muntu ku kazi yake bila kumufukuza.

Bandugu, musicheke bado.

Mu biro ya koperative yetu hapa Pinga, kila mashini inahitaji adresi yake, ni kusema namba, juu iingie ku rezo, mutandao wetu. Papa Sekretere njo alikuwa anazigawa, moja moja, mu kaye yake, daftari ya zamani, sawa chefu anagawa mashamba. Ukileta telefone mupya, unangojea kwanza amalize chai.

Mimi, fundi teknisien wa biro, nikasema hapana.

Nikafuta adresi zote za zamani. Nikapanga routeur, kale kasanduku kenye kugawa mutandao, ikuwe inajitangaza yenyewe: mashini inasikia tangazo, inajitengenezea adresi.

Telefone zote zikaingia. Ordinateri zote pia. Watu wakapiga mikono!

Papa Sekretere akafunga kaye, akarudilia chai yake. Nilijisikia mukubwa, siwafiche.

Mara Mama Furaha, mukubwa wetu, akapiga kelele: "Rapport haitoke! Na motari wa kuipeleka Mpofi amesha washa pikipiki!"

Imprimante, mashini ya kuchapa karatasi. Ile ya zamani. Haisikie tangazo hata kidogo.

Nikafinya hapa, nikafinya pale. Jasho. Motari anapiga honi.

Papa Sekretere akafungua kaye pole pole.

"Uniombe kwanza."

"Papa, nakuomba adresi ya imprimante."

Akanisomea namba, nikaiandika mu imprimante kwa mukono. Karatasi ikatoka.

Akanipiga ku bega: "Routeur yako inatangaza muzuri, mutoto wangu. Lakini haijue nani iko kiziwi."

Sasa muniambie: teknisien wa hapa ni nani?