Moshi wa Nyumba ya Simaloi

Lerionka hakuwahi kutazama shamba wakati wa masika. Mvua ikinyesha, alisema, hata mawe yanaonekana shamba. Yeye alishuka kutoka mlimani hadi Moshono kiangazi kimekwisha kuunguza kila kitu, akachimba kwa mkuki, akautafuna udongo, kisha akaufuata mfereji hadi juu aone ni nani anayeweza kuufunga. Mwisho ndipo akauliza jirani ni nani. Mkewe Simaloi alikuwa nyuma, mtoto wao Saruni mgongoni, akicheka kimoyomoyo. Hata yeye hakuchunguzwa hivyo alipoposwa.

Shamba likapatikana kwa mtamba mmoja na pombe ya asali, mashahidi wakanywa, miche ya masale ikapandwa kuwa alama ya mpaka. Zamani hayo yangetosha. Lakini zilikuwa siku za Wadachi, yaani Wajerumani, na bomani ilitoka habari kwamba ardhi isiyokaliwa ni ya serikali, nayo serikali inawapa Makaburu. Wadachi masale hawakuyajua. Walitazama paa na moshi tu. Basi Lerionka akajenga, wakahama kutoka mlimani, ingawa kila mtu alijua huko chini kuna homa.

Homa ikamchukua Saruni kabla hajajua kutembea.

Nyumba iliyofiwa huhamwa, maana kifo hubaki humo na humshika anayekaa, hilo halina mjadala. Ndugu wa Lerionka walishuka, wakatoa vibuyu na ngozi, wakafungua ng'ombe. Lakini shamba la pili kutoka hapo wapimaji wa serikali walikuwa wakiburuta mnyororo wao wa kupimia, na Simaloi aliwaona. Moto ukizimika leo, kesho shamba ni la Kaburu, na mtoto atakuwa amekufa bure.

Akakaa chini kando ya mafiga.

"Baba Saruni, nenda na ng'ombe. Mimi nabaki na moto."

"Utalala na kifo?"

"Kwani jana nililala na nani?"

Ndugu wakanong'ona kwamba mwanamke huyu ana lake. Lerionka alisimama mlangoni kitambo, akayatazama masale, akamtazama mkewe, akaondoka nao. Simaloi aliona kwamba hakubisha sana.

Alichochea kuni mbichi ili moshi uonekane mbali. Wapimaji walipofika, askari wao aliuliza nani anakaa hapa. Simaloi alijua Kiswahili cha sokoni tu.

"Baba, mama, mtoto."

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala."

Askari alichungulia gizani, moshi ukamkaba, akatoka akikohoa. Mnyororo ukapita nje ya masale.

Lerionka alirudi na ng'ombe, akajenga nyumba nyingine karibu na mfereji, akaoa mke wa kukaa naye humo. Watu wa mlimani wakawa wanashuka kumwuliza amewezaje kulishika shamba zuri namna hii, naye akiwafundisha kwa furaha, ila njiani waliuzunguka mlango wa Simaloi kwa mbali. Jioni mke mdogo alileta kibuyu cha maziwa, akakiweka nje juu ya jiwe. Simaloi alingoja aondoke, ndipo akatoka kukichukua.