Kinywa cha Kuazima

Wanawake wa uwandani walipofika kituo cha polisi hawakumuulizia mkuu wa kituo. Walimuulizia Tekla. Walikaa kando ya ukuta wa mashariki, sketi zao za ngozi wamezikunja vizuri magotini, wakamngoja amalize kufagia na kuwachemshia askari chai. Hapo ndipo mmoja wao aliinuka.

Tekla hakuwa askari. Alizaliwa Nambis, milimani, katika nyumba ya Wairaqw waliolima mahindi na kusali kila Jumapili, akaolewa huku chini ya Mlima Hanang kwa Wadatoga wafugao. Siku alipoletwa bomani alikataa kuketi mpaka apewe ng'ombe, kama desturi inavyomtaka biharusi. Baba wa mume wake alimpa mtamba mweusi. Watu walipodhani yamekwisha, mzee akamwongezea na ndama. Alisema huyu ametoka mbali, na kwao milimani hakuna atakayemsikia akilia, basi ng'ombe wawe ndugu zake. Tekla aliketi. Tangu siku hiyo hakuwahi kulitamka jina la mzee yule.

Ndivyo ilivyo kwa mwanamke aliyeolewa na Wadatoga. Jina la baba wa mume halipiti kinywani mwake, akiwa na furaha wala akiwa na uchungu wa kuzaa. Si siri, maana kila mtu analijua. Ni heshima, na anaibeba hadi kaburini. Lakini polisi huandika majina. Afande mgeni akiuliza, "Mume wako ni mwana wa nani?" na mama akainamisha kichwa, afande hudhani anafichwa jambo, naye hukunja uso.

Hapo Tekla alikuwa dawa. Kwa Kidatoga, mama alimzunguka mkwe wake kwa maneno: yule mwenye fahali wa mabaka, yule aliyehamia mtoni mwaka wa ukame. Tekla akishamtambua, humgeukia afande na kusema, "Huyu mama anasema, mkwe wake anaitwa fulani." Yule hakuwa mkwe wa Tekla, kwa hiyo jina lilimpitia mdomoni kama maji yapitavyo mferejini, bila kumwachia doa. Wanawake waliita kazi hiyo kuazima kinywa, nao walimletea maziwa kwenye kibuyu.

Kazi ilikuwa nyingi, kwa sababu uwanda ulikuwa umelimwa. Mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yamemeza malisho mpaka upeo wa macho, na kila wiki walinzi wa shamba walileta kituoni mchungaji aliyekutwa na ng'ombe ndani ya ngano.

Kisha ukaja mwaka wa kubana matumizi. Sajini Nikolausi, mkuu wa kituo, alimwita Tekla ofisini na kumkaribisha kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimweleza kwamba agizo limetoka juu. Mafuta ya gari yamepunguzwa. Mahabusu hawatalala tena pale, kwa kuwa hakuna fungu la kuwalisha; watapandishwa lori kwenda mjini juu. Na kati ya wahudumu wasiovaa sare, yaani yeye na dereva Tluway, abaki mmoja.

"Gari ni mali ya serikali, Mama Tadei," alisema. "Lina namba. Nikimwondoa dereva nitaulizwa gari anaendesha nani. Nikikuondoa wewe, sitaulizwa kitu."

"Na wale akina mama, afande?"

Nikolausi alitazama dirishani. Alisema watajifunza Kiswahili, polepole, na ikibidi sana atamtuma mtu amwite. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa mkono kwa mikono yake yote miwili. Tekla aliosha vikombe vya chai, akaning'iniza ufagio mahali pake, akaenda zake. Hakuna mtu aliyetumwa kumwita. Akina mama walifika, wakangoja kando ya ukuta, wakaondoka, na mwishowe wakaacha kuja. Gari lenyewe lilisimama juu ya mawe nyuma ya kituo, na Tluway alilipangusa vumbi kila asubuhi.

Mvua za masika zilipokuwa zinaishia, mzee mkwe alisema anakwenda kumwona baba yake. Baba yake alikuwa marehemu wa siku nyingi, aliyezikwa kwa heshima kubwa na kuinuliwa kilima cha udongo juu ya kaburi. Kilima hicho sasa kilikuwa katikati ya ngano. Matrekta yalikuwa yamekikata pembeni, kikabaki kama kichuguu, lakini mzee alikijua. Tekla alimsihi angoje wanaume warudi, maana mumewe Gidabuday na mwanawe Tadei walikuwa mbali, upande wa Singida, walikohamishia ng'ombe. Mzee alimjibu kwa upole kwamba baba haendewi kwa kibali. Akajifunika shuka lake, akashika fimbo, akaenda.

Kilichotokea huko kilijulikana baadaye. Mtu hafiki kaburini mikono mitupu. Huweka majani mabichi, ambayo ndiyo maneno ya amani. Mzee alitafuta majani pande zote akakosa, kwa kuwa kila kilichoota pale kilikuwa ngano. Basi akang'oa ngano, konzi moja, ikiwa bado mbichi. Mlinzi wa shamba alimkuta hapo, majani mkononi, midomo ikinong'ona.

Siku ya pili, mzee akiwa hajarudi, Tekla alikwenda kituoni. Sajini Nikolausi alikuwa amehamishwa, na kaunta ilikuwa ya konstebo kijana aitwaye Nicodemo, mgeni kutoka mikoa ya kusini. Alimwamkia vizuri, shikamoo mama, akamuuliza anamtafuta nani.

"Baba wa mume wangu. Mzee mrefu, ana pete za shaba masikioni."

"Jina lake?"

Tekla alifungua mdomo. Ulimi ulikuwepo na jina lilikuwepo, lakini katikati walisimama mtamba mweusi na yule ndama. Akasema tena, baba wa mume wangu. Akamzunguka kwa maneno, kama akina mama walivyokuwa wakifanya: yule anayekaa kwenye migunga, yule ambaye ndugu zake wamekwenda Bashay. Kijana alimsikiliza, kalamu ikingoja.

"Mama, wazee wa namna hiyo ni wengi. Umekaa kwake miaka yote hiyo, kweli humjui jina?"

Alisema yupo mmoja aliyekutwa kwenye ngano, asiyejua Kiswahili, hakukuwa na wa kuongea naye, naye jana amepanda lori na wenzake. Akipata jina, atapiga simu ya upepo huko juu wamtafute. Bila jina hawezi kuwaambia watafute pete za masikio. Aje mwanamume wa ukoo alitaje. Hakumdharau. Alikuwa amechoka tu.

Tekla alisimama mahali pale alipowasimamia wengine, akageuza shingo kando, upande ambao mkalimani husimama. Palikuwa patupu. Akarudi nyumbani. Wanawake wa bomani wote walikuwa wakwe wa mzee yuleyule, na wanaume wachache wa jirani walikiogopa kituo, kwani aliyeingia alitoka na lori. Akatuma ujumbe kwa Gidabuday kupitia wafanyabiashara wa ng'ombe, akangoja. Kila jioni alikamua ng'ombe wa uzao wa yule mtamba mweusi, na maziwa ya mzee aliyaweka kando, na asubuhi yalikuwa yameganda.

Aliyekuja hakuwa Gidabuday. Alikuwa Tluway dereva, kwa miguu, kofia mkononi, na hakutaka kuketi. Alisema kituo kimepata habari kwa simu ya upepo: mzee mmoja alishikwa na kifua kwenye lori, katika ukungu wa kupanda milima. Alilazwa hospitali, na usiku wa kuamkia jana amefariki. Kiganjani alikuwa ameshika majani makavu ya ngano. Manesi hawakuweza kuukunjua mkono.

"Nimewaambia pale kituoni kwamba naona ni wa kwako," alisema. "Wanataka jina kutoka kwa ndugu. Lisipopatikana leo, kesho halmashauri itamzika huko huko, pamoja na wasio na watu." Akakunja kofia yake. "Mama Tadei, heri wangenitoa mimi. Gari lenyewe halitembei."

"Nenda kapumzike, mwanangu," Tekla alisema.

Akachukua shuka lake, akaenda. Njiani alichuma majani mabichi kwenye kingo za barabara, mahali trekta lisipofika.

Konstebo Nicodemo alimkumbuka. Tekla hakusimama mbele ya kaunta. Alisimama kando yake, hatua moja upande, pale palipokuwa patupu, mikono ameifungia nyuma kama zamani, majani yakiwa kiganjani. Akatazama mahali ambapo mama mwenye shida angesimama, akaitikia kwa kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia kijana.

"Huyu mama anasema," alisema kwa sauti ya kazini, "mkwe wake anaitwa Gidahosh."

Kijana alitazama mlangoni, akatazama ukutani. "Mama yupi?"

"Huyu. Anasema anaomba mzee asizikwe huko. Arudi, akazikwe na watu wake."

Kijana aliivuta kalamu. Akaandika, akainuka, akaenda kwenye simu ya upepo, na kupitia mlango uliokuwa wazi Tekla alilisikia jina likisemwa kwa lafudhi ya kigeni, likirudiwa herufi kwa herufi, likipanda milimani alikoshindwa kulipeleka siku ile mzee alipokuwa bado hai.

Mzee alirudi. Ukoo ulikusanyika, Gidabuday akafika na vumbi la safari, na udongo ukaanza kuinuliwa juu ya kaburi jipya, mbali na ngano. Wanawake walipopita na nyasi mkononi, Tekla alikaa nyuma yao wote. Mumewe alimfuata, akamuuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyelitaja jina la baba kule kituoni.

"Mkalimani," Tekla alisema.

Gidabuday alijua kwamba kituo hakikuwa na mkalimani tena. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Hakuuliza tena.