Mjomba Asiyejua Kupumzika

Kaimu wa Chinongwe ana mapafu mabovu, na kijiji kizima kilikuwa kinajua isipokuwa Kaimu mwenyewe. Tangu ujana amepulizia mikorosho ya watu salfa, dawa ya ukungu, mashine mgongoni, unga wa njano ukimrudia usoni kila upepo ulipogeuka. Barakoa hakuvaa, ya nini, na maziwa yapo? Sisi wapulizaji tunaamini ukinywa kikombe cha maziwa baada ya kazi, kifua kinasafishika. Maziwa yanapitaje kutoka tumboni hadi mapafuni, hilo hatujawahi kuulizana. Mwenzetu amekunywa ya kutosha kukuza ndama, na bado kifua kinapiga filimbi.

Mwaka huu kilima cha kwenda shambani kwake kilimshinda. Akawa anasimama kila mara, eti anatazama mazao. Aliyatazama hata mahali ambapo hapajapandwa kitu.

Lakini hofu yake haikuwa shamba. Ilikuwa Tunu, binti wa dada yake mkubwa, Mwanabibi, aliyetarajiwa kutoka unyagoni Desemba. Kwetu siku hiyo mwali hakanyagi chini. Mjomba humbeba mabegani mpaka nyumbani kwa mama yake. Mdogo wao, Twalha, alijitolea kuja kutoka Dar kubeba. Kaimu alimjibu kwenye simu kwamba mtu anayepanda lifti kwenda kulala hawezi kubeba mwali.

Ndipo akaenda kliniki Nachingwea, si kutibiwa, bali kuthibitishiwa kwamba ni mzima. Nilimsindikiza. Muuguzi Prisca alimbana kidole kwa kifaa cha kupimia hewa iliyomo kwenye damu, akamweleza atembee kwenye korido, aende na kurudi kwa dakika sita, kwa mwendo wake, akichoka apumzike. Kaimu alisikia kutembea tu. Aliondoka kama anayefukuzwa na nyuki, akampita bibi mmoja wa Mnero aliyekuwa anakwenda zake msalani, akageuka kuhakikisha ameonekana. Muda haujafika nusu, alikuwa amekumbatia ukuta, midomo imebadilika rangi. Bibi yule alirudi kutoka msalani, akampita polepole na kumpa pole.

Prisca alimwambia kupumzika si kosa. Akampa dawa ya kuvuta, akamkataza salfa na mizigo mizito. Njiani Kaimu alinikumbusha kwamba muuguzi hakutaja wapwa.

"Mwali si mzigo," alisema, akakohoa mpaka bodaboda ikasimama.

Siku ikafika. Kaimu akamnyanyua Tunu mabegani, kifua mbele, ngoma nyuma yake, Twalha, aliyekuja hata hivyo, akifuata na viatu vyake vipya. Karibu na kisima akasimama. Akina mama wakadhani ni madaha, wakapiga vigelegele. Akasimama tena, vigelegele vikazidi. Watu wetu bwana, mtu anakata roho wao wanamshangilia. Mara ya tatu miguu ikaanza kutetemeka, na Tunu akamshika kichwa kwa mikono miwili. Hapo hata mimi kicheko kiliniisha. Niliogopa kwamba wataanguka wote wawili.

Kaimu akapiga magoti taratibu. Ngoma ikanyamaza. Twalha alikuja mbio ampokee mwali, lakini Kaimu hakumtazama. Alimtazama Mwanabibi, aliyekuwa kati ya akina mama, akavuta pumzi mara kadhaa kabla ya kupata sauti.

"Dada, siwezi."

Tumekua pamoja, na neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Najua," alisema Mwanabibi. "Tulikuwa tunangoja ujue wewe."

Akavua kanga ya mabegani, akaitandika njiani. Wenzake wakatandika zao. Tunu akashuka juu ya kanga, akayakataa mabega ya Twalha kwa kutikisa kichwa, akaushika mkono wa Kaimu. Wakaenda hivyo, kanga za nyuma zikihamishiwa mbele. Mjomba akisimama kupumua, mwali anasimama, na ngoma inasimama. Tulifika jua liko utosini na chakula kimepoa, na hakuna aliyesema tumechelewa.